Uvimbe Kichwani kwa Mtoto Mchanga: Usiukande, Usiutoboe

Mimi ni mkunga, na nyumba nyingi za Mikindani nimeziingia. Siku moja nilimkuta bibi amempakata mjukuu wake wa wiki tatu, kitambaa kinatoa mvuke pembeni, tayari kukanda uvimbe uliokuwa upande wa kulia wa kichwa. “Shikamoo bibi. Hebu tuupapase kwanza.” Akapapasa, akashtuka. Pembeni pagumu kama ukingo wa kifuu, katikati panabonyea. “Mwanangu, fuvu limetoboka hili!”

Halikutoboka. Kichwa kikibanwa sana kwenye njia ya uzazi, au mtoto akivutwa kwa mashine, vimishipa hupasuka na damu hukusanyika kati ya mfupa na utando unaoufunika. Utando huo ndio mjenzi wa mfupa. Hata ukiinuliwa na damu hauachi kazi: huchukua kalsiamu na fosforasi kwenye damu ya mtoto, ukajenga mfupa mpya kuanzia kingoni. Ndiyo maana pembeni huwa pagumu mapema. Kwa hiyo mama asisutwe kwamba alitafuna udongo wa pemba au alikula dagaa kupita kiasi. Madini katika damu ya mtoto kwa kawaida hayana hitilafu. Ujenzi ni wa pale pale palipovuja.

Kwanza, jua ni uvimbe gani. Anaozaliwa nao, laini, unaovuka kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, mara nyingi ni maji na hunywea kwa siku chache. Huu wa damu hujitokeza baada ya saa kadhaa na hauvuki maungio ya mifupa. Lakini ukiona uvimbe unatambaa kuelekea nyuma ya masikio na shingoni, mtoto anapauka na kulegea, usingoje kupambazuke. Tafuta bodaboda, bajaji, chochote, mfike hospitali: damu nyingi inavuja chini ya ngozi ya kichwa.

Usikande, usifunge kitambaa cha kubana, usipake dawa. Na sindano ya kufyonza damu ikataeni. Nilimpokea mtoto aliyetobolewa mahali fulani ili “damu chafu” itoke. Alikuja na usaha na homa kali. Damu ile ilikuwa salama mpaka mlango ulipofunguliwa.

Kila asubuhi mtoe mtoto penye mwanga, ubonyeze ngozi ya pua, kisha kifua, uachie uone kama ngozi ni ya manjano. Damu ile ikivunjika huleta umanjano. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au iliyofika viganjani na nyayoni, au mtoto hanyonyi: hospitali siku hiyo hiyo. Jua la asubuhi halichukui nafasi ya taa za hospitali zinazotibu umanjano.

Mnyonyeshe kila anapotaka. Usimnunulie dawa ya kalsiamu ili “mfupa ukae sawa”. Vitamini D ni jambo la kuuliza kliniki, hasa kwa mtoto njiti, kwani madini mengi ya mifupa huyapata tumboni miezi 3 ya mwisho.

Wengi hupona ndani ya wiki chache hadi miezi 3. Ukibaki mgumu, mara nyingi fuvu likikua hulisawazisha. Wachache sana huhitaji upasuaji. Mjukuu wa yule bibi nilimpapasa tena akiwa na miezi minne, nikakuta kimwinuko kidogo chini ya nywele. Wa kwako ukiongezeka, ukiwa mwekundu au ukiwa wa moto, mlete hata kama si siku yake ya mizani.