Kuchagua skrini ya kuchezea gemu za kompyuta za zamani, kwa mtu wa Mwanza na kando ya ziwa

Kabla hujaanza kuzunguka kwa mafundi wa Kirumba, Mabatini mpaka Igoma ukiulizia skrini, andika kwanza gemu unazotaka kucheza zilitengenezewa mashine gani. Wengi huanza na inchi, wanabeba mzigo mzito hadi nyumbani, kisha wanakuta hautoi hata picha.

Hatua ya 1: Jua mashine inatoa mawimbi gani

Commodore 64 (1982) na Amiga 500 (1987) za soko la Ulaya hutoa mawimbi ya TV: PAL (mfumo wa TV wa Ulaya), 50 Hz (mara 50 kwa sekunde), mistari ikichorwa kwa karibu 15.6 kHz (mistari 15,600 kwa sekunde). Kompyuta za DOS (mfumo wa kabla ya Windows) zenye VGA, mfumo wa picha uliotoka pia 1987, huchora kwa 31.5 kHz, na gemu zake nyingi za 320 kwa 200 hutoka kwa 70 Hz. TV ya chogo ya kawaida haipokei VGA. Monita nyingi za VGA nazo zikipewa 15 kHz hubaki giza.

Hatua ya 2: Commodore na Amiga, chukua TV ya chogo

TV za chogo zilizouzwa hapa nchini hupokea PAL, kwa hiyo rangi haitakusumbua. Tangu analojia ianze kuzimwa 31 Desemba 2012, zilizobaki zimekuwa zikiishi na king'amuzi kwenye tundu za AV, hivyo fundi anaweza kukuonyesha hapohapo kama tundu la njano linafanya kazi. Inchi 14 hadi 21 inatosha. Ila Amiga 500 ina mtego: tundu lake la video hutoa picha ya nyeusi na nyeupe tu. Ukitaka rangi unahitaji kifaa cha A520, au waya wa RGB (unaopitisha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake) na TV yenye SCART, lile tundu pana la TV za Ulaya.

Vile viboksi vya bei rahisi vya kugeuza HDMI ya kompyuta mpya kuwa AV ya chogo, achana navyo. Vinasaga picha yote upya, maandishi yanacheza, na ukibonyeza kitufe mhusika anachelewa kuruka.

Hatua ya 3: Kagua chogo kabla hujatoa hela

Mpigie fundi mapema, umwombe asiiwashe kabla hujafika. Chogo lililokwisha kupata moto huficha ugonjwa. Likiwashwa, sikiliza lile "vuum" fupi la kuondoa sumaku, kisha hesabu. Likipita dakika moja bila mwanga mzuri, au nyeupe ikaegemea wekundu, tyubu imechoka na hakuna ukarabati wa maana. Badilisha picha nyeusi kwa nyeupe: picha ikivimba pembeni, umeme mkubwa unayumba, pengine kapasita au flaibaki (transfoma ya umeme mkubwa).

Ukiona madoa ya kijani au zambarau kwenye kona, usiikatae bado. Tazama kwanza sabufa imekaa wapi. Isogeze angalau mita moja, zima TV, subiri nusu saa, ndipo uwashe. Muda huo ni muhimu, kwa sababu kifaa kinachoendesha koili ya kuondoa sumaku hakifanyi kazi vizuri kikiwa bado cha moto. Monita za mtumba kutoka Ulaya zina jambo jingine: nyingi zilirekebishwa kwa usumaku wa dunia wa kaskazini, na sisi tuko kusini kidogo ya ikweta. Picha kulala upande kidogo si ubovu. Tafuta marekebisho ya mzunguko kwenye menyu.

Mgongo usiufungue mwenyewe, hata waya ukiwa umechomolewa. Tyubu hubaki na maelfu ya volti.

Hatua ya 4: DOS halisi kwenye monita ya flati

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa sababu picha inatokea na inaonekana karibu sawa.

Gemu ya 320 kwa 200 hutoka kwenye kadi ya VGA ikiwa imerudufiwa kuwa 640 kwa 400. Maandishi ya DOS hutoka kwa 720 kwa 400. Zote mbili zina 70 Hz ileile na 31.5 kHz ileile. Monita haina namna ya kuzitofautisha, kwa hiyo nyingi huchukulia ni 720. Pikseli 320 za gemu zinagawanywa kwenye nukta 720: kila moja inastahili nukta mbili na robo, na robo ya nukta haipo. Pikseli tatu zinapata mbilimbili, ya nne inapata tatu. Sogea karibu na kioo umtazame mhusika akitembea. Mguu unanenepa na kukonda kila hatua, na nguzo za nyuma zinatetemeka zikipita.

Kitufe cha Auto hakitibu hili. Ingia kwenye menyu utafute Clock, inayopanga mstari mmoja unagawanywa nukta ngapi. Weka picha yenye mistari myembamba ya wima, mweusi kwa mweupe, ikiwa katika hali ileile ya gemu. Utaona mikanda ya ukungu. Punguza Clock polepole; mikanda itapungua idadi hadi kioo kizima kiwe na sura moja. Ndipo uguse Phase mpaka mistari ikatike safi. Ukianza na Phase utazunguka bure.

Mstari mzima wa 720, pamoja na sehemu isiyoonekana, una nukta 900. Wa 640 una 800. Yaani Clock lazima ishuke kwa moja ya tisa, na monita nyingi hugota kabla ya kufika huko. Ikigota, usiinunue kwa kazi hii, kwa hiyo jaribu ukiwa bado kwa muuzaji. Ikifika, kumbuka kwamba inahifadhi mpangilio huo kwa maandishi pia, nayo yataharibika. Andika namba zote mbili kwenye karatasi uibandike nyuma.

Kisha kuna umbo. Zile flati za inchi 17 zilizotoka maofisini ni 1280 kwa 1024, yaani 5:4, na nyingi hunyoosha picha kujaza kioo. Gemu zilichorwa kwa 4:3, basi duara linakuwa yai. Kama ni flati tu iliyopo, inchi 15 ya 1024 kwa 768 ni afadhali.

Mimi kwa DOS halisi ningetafuta monita ya chogo ya inchi 17 kwanza. Haigawi nukta kabisa, na 70 Hz inaipokea ilivyo.

Hatua ya 5: Emuleta kwenye laptop au kompyuta mpya

Emuleta ni programu inayoiga mashine ya zamani. Kwenye DOSBox, emuleta ya DOS, weka `aspect=true`, `output=openglnb` na `fullresolution=desktop`. Kioo kinachofaa kuliko vyote ni 1600 kwa 1200: 320 mara 5, 200 mara 6, kila pikseli sawa na mwenzake. Cha 1920 kwa 1200 kinabeba picha hiyohiyo, na nafasi nyeusi inabaki pembeni. Cha 1920 kwa 1080 kinakupa mara 4.5 kwa 5.4, mistari mingine minene mingine myembamba.

Emuleta ya Commodore au Amiga ikiwa kwenye 60 Hz, picha hudunda mara 10 kwa sekunde. TV nyingi za flati hukubali 50 Hz kwa HDMI. Iweke hapo, na uwashe hali ya gemu ya TV (Game Mode).

Hatua ya 6: Mahali pa kuiweka

Chogo huvuta vumbi, na masika ya ziwani unyevu ukikutana na vumbi hilo kwenye waya wa umeme mkubwa utasikia "tss" nyuma. Zima, mpe fundi asafishe. Jioni wadudu wa ziwani wanapojaa kwenye taa, funga dirisha la upande wa skrini, na usifunike matundu ya mgongo kwa kitambaa wakati inawaka. Tumia stebilaiza.