Jinsi ya kuanzisha kikundi cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu wa akili mtaani kwenu

Naandika hii kwa ajili ya mama au baba, au bibi maana mabibi ndo wengi, mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji au Down sindromu na anaona yuko peke yake mtaa mzima. Mimi nilikaa miaka sita naamini hivyo hivyo. Mwanangu ana Down sindromu, kumbe nyumba ya nne kutoka kwangu kulikuwa na binti wa miaka 19 ambaye sijawahi kumtia machoni, wageni wakija anafungiwa chumba cha uani. Mama yake na mimi tunapishana bombani kila asubuhi, umeamkaje, salama, kila mtu anabeba ndoo yake na siri yake. Tulivyojuana ndo kikundi kikaanza, watu wawili tu, na sa hivi tuko kaya 23 hapa mtaani kwetu Dar.

Kitu cha kwanza ni kuwapata watu, na hapa usianze na tangazo msikitini wala kanisani. Watu wanaficha na wana sababu, ukweni wanaambiwa "kwetu hakuna wa hivi", majirani wanasema wamemtoa mtoto kafara wapate hela, baba kaondoka mtoto ana miezi mitatu hajarudi. Mtu kama huyo ukienda kumuuliza eti una mtoto mlemavu humu ndani atakujibu hapana na mlango ataufunga. Nenda na mwanao. Mimi nilikuwa namshika wangu mkono tunaingia tunakaa kibarazani, anatoa shikamoo yake nzito ile, tunapiga stori za kawaida tu bei ya mchele na nini, na mara nyingi mwenyeji mwenyewe atamwangalia mtoto weee afu atasema taratibu, na mimi nina wangu ndani. Wanaojua nyumba za kwenda ni mhudumu wa afya wa mtaa, mjumbe, mwalimu wa madrasa au wa watoto kanisani, na mwenye duka maana yeye anajua nani ananunua pampasi kubwa.

Kikao cha kwanza usialike kiongozi yeyote, waacheni watu walie kama wanataka kulia. Watoto waje wote, wawili kati yenu wakae nao kwa zamu wengine waongee. Swali litakalotoka ni moja, kwa nini mimi, na lazima mjibu kwa ukweli vinginevyo litajibiwa na mganga. Down sindromu ni mtoto kuwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, inatokea mimba inapotungwa, hakuna aliyeroga na hakuna aliyekosea. Na karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na shida ya moyo kwa hiyo kama moyo wa mwanao haujapimwa kapime hata kama anacheza vizuri. Usonji ni ubongo unaokua kwa namna yake tangu utotoni, hautokani na malezi mabaya. Halafu mtindio wa ubongo, hapa watu wanachanganya sana, huo unashika mwili, misuli na mkao, na wapo watoto wenye mtindio wasioweza kukaa wala kuongea lakini wanaelewa kila neno mnalolisema juu yao, wanawasikia kabisa. Ulemavu wa akili nao sio ugonjwa wa akili, hauji na kuondoka. Siku hiyo hiyo kubalianeni kwamba zezeta na taahira hayasemwi kikundini hata kwa utani, maana wengine wameitwa hivyo na mama zao wenyewe.

Na kifafa, kinaambatana na watoto wengi wa kwetu kwa hiyo fundishaneni mapema. Akianguka ondoa vitu vigumu karibu yake, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, angalia saa, usimtie kijiko mdomoni wala usimbane mikono. Ikipita dakika 5 mkimbizeni hospitali.

Mambo ya usajili ni mepesi kuliko watu wanavyoogopa. Mnahitaji katiba fupi, muhtasari wa kikao, majina na sahihi, mnaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yeye atawaelekeza mpaka halmashauri. Utasikia kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ipo kisheria na muulizie masharti yake, ila kumbukeni ule ni mkopo unarudishwa, na kikundi kilichoanzishwa kwa ajili ya mkopo huwa kinakufa mkopo ukitoka au ukinyimwa. Sisi tulianza na buku kila Jumamosi, mhazini anasoma daftari kwa sauti kila kikao, mpaka leo hatujagombana kwa hela.

Sasa kudai haki. Ushauri wangu mkubwa kwenye hii yote ni ombeni kitu kimoja. Sio mwalimu na vyoo na baiskeli za magurudumu matatu na bima kwa barua moja, hiyo barua inasomwa inawekwa pembeni. Mimi mwaka wa kwanza nilienda peke yangu shule moja kumuandikisha wangu, mkubwa pale hakumuuliza hata jina, akaniangalia mimi akasema mpeleke kwa wenzake. Nilirudi na daladala nimempakata mtoto wa miaka 7 kama mchanga. Nilikuwa sijui hata nimjibu nini. Leo najua Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma, na kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, lakini zaidi ya sheria najua kwamba mama mmoja anarudishwa na wamama kumi na wanne hawarudishwi kirahisi.

Tulifanya hivi. Tulipita tukahesabu watoto wa miaka 5 mpaka 13 wenye ulemavu wa akili ambao hawasomi kwenye kata, tukapata 14, tukaandika umri na umbali wa nyumba mpaka shule ya karibu. Kama mnaweza nendeni kwanza mkaone shule inavyokuwa ikiwa na walimu waliosomea, Dar hapa kuna Sinza Maalum, kuna Uhuru Mchanganyiko, kuna Mtoni Maalum, ili mkiongea muongee kitu mlichokiona. Afu barua, juu jina la kikundi, inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kata, kichwa chake chetu kilikuwa YAH: OMBI LA MWALIMU MMOJA WA ELIMU MAALUM NA DARASA MOJA KWA WATOTO 14. Namba iwe kwenye kichwa. Ndani aya tatu tu na orodha nyuma, na orodha isiwe na majina ya watoto, weka umri na mtaa, majina mtayatoa mkiitwa. Toeni nakala mbili, moja wabaki nayo nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe mrudi nayo, bila ule muhuri barua yenu haipo. Baada ya wiki mbili rudini mkaulize, watu wanne na watoto, kwa adabu, mkae kwenye benchi. Sisi tulirudi mara tano. Mwezi wa nane tukapata mwalimu na chumba kilichokuwa stoo, tukakipaka rangi wenyewe Jumapili. Choo chake bado kina ngazi, ndo barua ya mwaka huu.

Kwa mwenyekiti wa mtaa pia ulizeni kamati ya watu wenye ulemavu, ile sheria ya 2010 inazitaja kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Ikiwepo mara nyingi utakuta wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo, wa akili hawamo maana wanaonekana hawawezi kuongea. Ombeni nafasi, na isikaliwe na mzazi peke yake, aende na kijana mwenyewe.

Hili la vijana kuongea wenyewe tulichelewa sana kulijua, naumia nikikumbuka. Yule binti wa miaka 19, wazazi tulishampangia ushonaji, tumetafuta na cherehani. Siku moja mtu akasema mbona hatujamuuliza. Tukamuuliza, unataka kufanya nini. Kimya. Mama yake akataka kumjibia tukamzuia, tukasubiri, yaani ilikuwa ndefu mpaka watu wanaangalia chini, afu akasema "sokoni". Alikuwa hajawahi kufika sokoni maishani mwake. Sasa anaenda kila Jumamosi na shangazi mmoja wa kikundi, tulimfundisha hela kwa hela zenyewe sio za kuchora, sarafu ya mia mbili na ya mia tano mezani, moja moja, wiki tatu, na anajua fungu la nyanya likiwa dogo analirudisha. Kwa hiyo uliza swali moja kwa maneno mafupi, subiri, usimjibie, na asiyeongea mpe picha au vitu vyenyewe achague.

Usalama usiogope kuutaja. Watoto wetu wanaguswa na watu wanaojua kwamba hawataaminiwa. Wafundisheni majina halisi ya sehemu za mwili na neno sitaki. Likitokea usikubali kuyamaliza kifamilia, usimwogeshe mtoto, nenda hospitali na dawati la jinsia na watoto polisi siku ile ile, na namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Na mtu akija na msaada wa sabuni na kamera, kwanza mzazi na mtoto wakubali, wakikataa picha sabuni irudi nayo sawa tu.

La mwisho ni daftari. Kila mzazi kwenye kikundi ananunua daftari moja la kaunta, anaandika maisha ya mwanae, dawa na saa zake, chakula anachokataa, akitaka choo anafanyaje, anaogopa nini, nani anamtuliza. Wangu ameandikiwa kwamba radi ikipiga anataka kushikwa sikio la kushoto. Nakala inakaa kwa mzazi mwenzio, sio kwa ndugu tu. Ukurasa wa kwanza mwachie mtoto aseme mwenyewe siku wewe haupo anataka kukaa kwa nani, mwandikie alivyosema, na huyo mtu aliyemtaja muanze kumtembelea kuanzia wiki hii.