Kuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya Kenya: hatua kwa hatua

Kila muhula nakutana na vijana waliolipia diploma ya unasihi, yaani ushauri nasaha, wakiamini kwamba wakishaipata wataajiriwa katika shule ya sekondari, wapewe ofisi na wanafunzi wa kusikiliza. Katika shule zetu za umma mambo hayaendi hivyo. Anayeongoza kitengo cha ushauri nasaha kwa kawaida ni mwalimu wa TSC (tume inayosajili na kuajiri walimu wa umma) mwenye vipindi vyake darasani, ambaye amekabidhiwa jukumu hilo juu ya kufundisha. Ndiyo maana nawasihi muanzie kwenye ualimu, tena kabla hamjalipa karo popote.

Hatua ya 1: Alama. Shahada ya ualimu wa sekondari inadai wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha. Anayelenga shule ya msingi kupitia diploma anahitaji wastani wa C.

Hatua ya 2: Shahada. Ni miaka minne. Saikolojia ya elimu imo ndani yake, na wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau. Usiwe mmoja wao. Ukipelekwa kwa mazoezi ya kufundisha, muombe mwalimu wa ushauri wa shule hiyo akuonyeshe jinsi anavyoendesha kitengo chake. Utaona mengi ambayo hayamo kwenye vitini.

Hatua ya 3: Usajili. Sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Maombi hufanywa mtandaoni, nawe uwe na vyeti vya masomo, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na fomu ya daktari. Anza na cheti cha DCI, kwa sababu lazima uende kupigwa alama za vidole.

Hatua ya 4: Unasihi wenyewe. Hapa ndipo ningetaka utumie pesa zako kwa uangalifu. Kuna diploma, na kuna uzamili katika vyuo vikuu kama Kenyatta na Egerton. Kabla ya kujiandikisha popote, uliza: nitakaa na wateja halisi kwa saa ngapi? Nani atanisimamia nikifanya hivyo? Nikizidiwa na kesi, nitampigia nani? Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo kinauza karatasi, na atakayeumia ni mtoto.

Kumbuka pia Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014, iliyounda bodi ya kusajili watu wa taaluma hii. Ukitaka kufungua ofisi yako nje ya shule, nambari ya TSC haitakufaa. Itabidi upitie bodi hiyo.

Hatua ya 5: Kuingia kazini. Omba chumba ambacho wanafunzi hawapiti mbele ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu ili wakifikie. Na ukiombwa kuketi kwenye kamati ya nidhamu kama mwamuzi, kataa kwa heshima. Tangu kiboko kipigwe marufuku mwaka 2001, shule nyingi zimeugeuza ushauri kuwa adhabu mbadala: mtoto anachelewa, "mpeleke kwa ushauri". Akija kwako kama mshtakiwa, hatakuambia linalomsumbua.

Siku moja mwanafunzi atafunga mlango na kusema: "Mwalimu, nataka kukuambia kitu, lakini uniahidi hutamwambia mtu." Usiahidi. Mjibu hivi: "Yako nitayatunza. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au unafikiria kujiumiza, nitatafuta msaada, na nitakujulisha kabla sijamwambia yeyote." Wengine watanyamaza na kurudi wiki inayofuata. Wasubiri. Ikiwa ni unyanyasaji wa kingono, waraka wa TSC wa 2010 unakutaka uripoti ndani ya saa 24, hata kama mshukiwa ni mwalimu mwenzako unayekunywa naye chai.

Maswali ninayoulizwa

*Nina shahada ya saikolojia, si ya ualimu. Nifanyeje?*

Ndugu, saikolojia si somo linalofundishwa sekondari, kwa hiyo peke yake haikuingizi TSC. Kama shahada yako ina masomo mawili ya kufundisha na alama zako za KCSE zinatosha, ongeza diploma ya uzamili ya ualimu. La sivyo, jaribu shule za binafsi zinazoajiri mnasihi wa kudumu, hospitali au mashirika, na usajili wako uutafute kwa bodi ya wanasihi.

*Mimi ni mwalimu wa msingi. Nimekabidhiwa kitengo na sijasomea. Naogopa kuharibu.*

Pole, mwalimu, na hongera kwa kuogopa. Anza kwa kusikiliza bila kuhubiri. Andika kumbukumbu fupi na uzifungie kabatini. Lililokuzidi, lipeleke kwa afisa wa watoto au hospitali. Bandika ukutani nambari 116, simu ya bure ya watoto. Kisha tafuta kozi ya likizo yenye usimamizi.

*Je, kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi na masomo ni jukumu letu pia?*

Ndiyo, na limekuwa zito zaidi. Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, ina mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mzazi akishinikiza STEM na mtoto ana kipaji cha muziki, mtaketi watatu, na alama za mtoto mezani.

*Mzazi anadai kujua kila kitu binti yake alichoniambia. Nimwambie?*

Mwambie kwanza kama mtoto yuko salama, hilo ana haki ya kulijua. Kisha muulize binti ni yapi yuko tayari mama ayasikie, na kama angependa ayaseme mwenyewe wewe ukiwepo. Mara nyingi hukubali. Akikataa na hakuna hatari yoyote, mueleze mama kwamba binti bado hajawa tayari, na umpangie siku nyingine ya kuja.