Kupaka rangi visanamu vya askari wa Tanga, 1914

Mwongozo huu ni wa visanamu vya milimita 28, kwa anayetaka kuyachezea mezani mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Wajerumani na Waingereza. Nimeuandika baada ya kumwelekeza kijana mmoja aliyefuata video za Ulaya akaishia na kikosi kizima chenye nyuso nyeusi tii. Askari waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na watu wa makabila mengine ya kwetu. Wanastahili sura.

Hatua ya 1: Usafi
Kwangua mabaki ya kiwandani, osha kwa sabuni, kausha, bandika kila kisanamu juu ya kizibo cha soda ili usikishike kwa vidole.

Hatua ya 2: Praima
Hii ni rangi ya kwanza ya kushikia nyingine. Tumia ya kahawia, na uipake kwa brashi. Ya kupuliza sikushauri kwa wakazi wa pwani: hewa ikiwa na unyevu mwingi hukauka kama unga na kufunika mikunjo yote ya nguo.

Hatua ya 3: Sare
Koti, suruali na tarbushi ni kaki. Mbele ya tarbushi kuna tai wa chuma. Nukta moja ya rangi ya fedha inatosha. Mikanda ni ya ngozi ya kahawia. Vitambaa vilivyozungushwa miguuni kuanzia kifundo hadi chini ya goti mimi huvipaka buluu ya kijivu. Maliza sare kabisa kabla hujagusa uso, kwa sababu kaki ni nyepesi na huifanya ngozi ionekane nyeusi kuliko ilivyo kwenye kigae chako cha kuchanganyia.

Hatua ya 4: Ngozi
Hapa usiharakishe. Weka rangi nyeusi mbali na meza. Anza na kahawia iliyokolea, uso mzima na mikono, tabaka mbili nyembamba. Zikikauka, changanya kahawia hiyo na nyingine yenye wekundu kidogo, upake kila mahali isipokuwa kwenye macho, chini ya taya na kando ya pua. Tabaka la mwisho liwe la nuru: paji la uso, mgongo wa pua, mashavu, kidevu, vifundo vya vidole. Watu wengi huharibu hapo kwa kuongeza nyeupe, na ngozi hubadilika kuwa kijivu, kama ya mtu aliyepaukiwa na vumbi. Ongeza manjano ya mchanga au rangi ya machungwa, tone dogo tu. Kumbuka pia kwamba rangi ya akriliki, ile inayochanganywa kwa maji, hukolea kidogo ikikauka, basi subiri kabla ya kuamua kwamba umezidisha au umepunguza.

Nuru ya ngozi nyeusi ni ndogo na kali. Simama mbele ya kioo, dirisha likiwa ubavuni, uone inapoangukia. Fanya kazi hii mchana; taa nyeupe ya usiku huficha wekundu, na asubuhi utakuta sura tofauti kabisa. Ukipenda kupitisha maji ya rangi kwenye mikunjo, yawe ya kahawia. Yale meusi yanayouzwa tayari hufuta kazi yote ya saa nzima.

Mdomo wa chini uguse kwa zambarau iliyofifia. Macho, kama mkono wako hautulii, yaache kama mstari mweusi. Kwa milimita 28 inatosha sana. Na usiwape wote rangi moja. Badilisha mchanganyiko kila baada ya watu watatu au wanne, maana hakuna kikosi cha watu halisi chenye ngozi ya aina moja.

Hatua ya 5: Bunduki
Mbao kahawia, chuma kijivu cha giza. Kampuni nyingi bado zilibeba bunduki ya mwaka 1871 yenye baruti ya moshi, hivyo kipande cha pamba kwenye mtutu wa anayefyatua ni sahihi kihistoria, na kinapendeza.

Hatua ya 6: Kitako na vanishi
Gundi, mchanga, nyasi. Novemba ni vuli, kwa hiyo nyasi ziwe mbichi. Vanishi isiyong'aa, kwa brashi.

Ukitengeneza miti ya mezani, itundike mizinga ya nyuki: siku ya mapigano nyuki waliwashambulia wanajeshi wa pande zote mbili. Risasi zikipita kwenye miti hiyo, rusha dadu. Ikitoka 6, kikosi kilicho karibu zaidi, kiwe cha nani, kirudi nyuma.