Kuvuka nchi ya kigeni kwa baiskeli, peke yako na kwa pesa kidogo: hatua kwa hatua

Kwenye safari ya baiskeli kinachomaliza pesa ni haraka. Aliyechelewa hulala hoteli ya kwanza anayoikuta, hupanda basi kufidia siku iliyopotea, na hula mgahawani kwa sababu hana muda wa kupika. Mwenye siku za akiba humsubiri fundi amalize kazi yake, huacha mvua ipite, na jioni hutafuta pa kulala kabla giza halijamshika. Ndiyo maana naanza na ratiba, baiskeli itafuata.

Hatua ya 1: Hesabu siku, kisha kilomita

Chukua siku zote ulizo nazo. Toa mbili za kufika na kuunganisha baiskeli, mbili za kuifunga na kuondoka, na moja ya mapumziko kwa kila sita za kuendesha. Zinazobaki zizidishe kwa kilomita 60 kama njia ni tambarare, au 40 kama kuna milima. Utapata namba ndogo kuliko ulivyotarajia. Iache ilivyo. Kilomita 100 kwa siku zinawezekana, ila kuzirudia siku tano mfululizo ukiwa na mzigo na upepo usoni ni kazi nyingine kabisa.

Ukichora njia, usiangalie umbali peke yake. Programu nyingi za ramani za baiskeli huonyesha jumla ya mita utakazopanda. Mita 1,000 za kupanda na mzigo hula siku nzima, hata kama ramani inasema ni kilomita 45. Angalia na upepo: kwenye latitudo za kati, Ulaya ikiwemo, huvuma zaidi kutoka magharibi, na kwenye tropiki hutoka zaidi mashariki. Kugeuza tu mwanzo wa safari kuwa mwisho kunaweza kukupa wiki nzima ya kusukumwa mgongoni, bure.

Kwa safari ya kwanza, fuata mto. Njia ya EuroVelo 6, inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi kupitia mabonde ya Loire na Danube, inapendwa na wanaoanza kwa sababu hiyo hiyo: maji hayapandi mlima, na miji huwa imejipanga kando yake.

Hatua ya 2: Karatasi

Mwendesha baiskeli hukutana na matatizo ya viza ambayo mtalii wa ndege hayajui. Siku zako huisha upesi kwa sababu unakwenda polepole. Eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), kwa mfano, linatoa siku 90 ndani ya kila siku 180 kwa mgeni wa muda mfupi, na hesabu ni ya eneo zima. Kuhama nchi moja kwenda nyingine humo ndani hakuongezi kitu. Viza nyingine za mtandaoni zinakubaliwa kwenye viwanja vya ndege tu, kwa hiyo hakikisha kituo cha mpaka unachokilenga kinapokea aina ya viza uliyo nayo na raia wa nchi yako.

Kuna pia swali la "utatokaje?" Mara nyingi huulizwa na mfanyakazi wa shirika la ndege kabla hata hujaondoka, na jibu la "kwa baiskeli" halimridhishi. Beba ratiba iliyochapishwa, au tiketi inayorudishiwa pesa.

Kwenye bima tafuta mambo mawili: kama inataja baiskeli, na kama inalipia kuhamishwa hadi hospitali ya mbali. Ukisafiri kati ya nchi zenye homa ya manjano, cheti cha chanjo kinakubalika maisha yote tangu sheria ya kimataifa ilipobadilishwa mwaka 2016.

Soma pia sheria za barabara. New Zealand kofia ngumu ni lazima kwa watu wa umri wote. Japani huwezi kuingiza baiskeli kwenye treni za kawaida mpaka uifungue na kuitia kwenye mfuko. Na nchi nyingi haziruhusu baiskeli kwenye barabara kuu za magari ya kasi, ingawa ramani ya simu inaweza kukuelekeza huko bila aibu.

Hatua ya 3: Baiskeli uliyo nayo

Kama fremu inakutosha na haina ufa, inatosha kwa safari. Pesa zako ziende kwenye vitu vitatu.

Tairi kwanza. Upana wa milimita 40 hadi 50, kama fremu ina nafasi, utakuokoa kwenye changarawe na mashimo. Soma namba iliyoandikwa ubavuni, kama 50-559 au 40-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Iandike mahali, maana majina ya inchi huchanganya hata wauzaji.

Pili, gia nyepesi. Gia ndogo ya mbele iwe na meno sawa au machache kuliko kubwa ya nyuma, mfano 28 mbele na 34 nyuma. Goti lililoumia katikati ya safari halina spea.

Tatu, gurudumu la nyuma. Hilo ndilo linalobeba mzigo mwingi, na spoki zake za upande wa mnyororo ndizo hukatika mara nyingi zaidi. Mpe fundi anayejua kusawazisha spoki, na kama unanunua jipya chukua lenye spoki 36. Kwa breki, napendelea za waya. Za mafuta hushika vizuri zaidi, lakini waya hupatikana karibu kila mahali penye baiskeli.

Halafu panda na mzigo wote, ulale nje usiku mmoja karibu na kwako, urudi. Usiruke jaribio hili hata kama unajiamini. Kitakachogonga, kulegea au kukuchubua hujitokeza hapo, ambapo kukirekebisha ni rahisi.

Hatua ya 4: Mzigo

Lenga kilo 15 bila maji na chakula. Weka vizito chini, kwenye mabegi ya pembeni ya keria, na usibebe chochote mgongoni. Bega na makalio vitakushtaki. Nguo seti mbili: ya kuendeshea na ya kulalia.

Kwenye vifaa vya ufundi usibane sana: tyubu mbili, viraka na gundi yake, vijiti vya kutolea tairi, pampu, kifaa cha kukatia mnyororo na pingili ya kuungia, funguo za bolti zote zilizo kwenye baiskeli yako, waya wa breki na wa gia, pedi za breki, na spoki tatu za urefu sahihi zilizofungwa kwenye fremu kwa utepe. Ongeza kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mashine ya gia ya nyuma. Kila fremu ina umbo lake, na kikivunjika ugenini unaweza kungoja siku nyingi. Beba pia kipande cha tairi kuukuu: tairi ikichanika, kiweke ndani kati yake na tyubu, uendelee hadi mjini.

Hatua ya 5: Ndege

Maduka ya baiskeli huwa na maboksi makubwa ambayo baiskeli mpya hujia, omba moja. Toa pedali (ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa saa), geuza usukani, toa gurudumu la mbele, na ziba nafasi kati ya uma zake kwa kipande cha ubao ili zisibonyezwe. Benki ya umeme ya simu iwe kwenye begi la mkononi, na isizidi saa-wati 100. Ya mAh 20,000 ina takriban 74. Gesi ya jiko hairuhusiwi kabisa, nunua ukifika.

Hatua ya 6: Pesa na kulala

Beba kadi mbili, kila moja mahali pake, na noti ndogo kwa vijijini. Mashine ya benki ikikuuliza kama ikutoze kwa sarafu ya kwenu, kataa. Kiwango chao cha kubadilisha huwa kibaya.

Malazi ndiyo yanayotofautisha safari rahisi na ghali. Sheria za hema zinatofautiana mno: Uswidi unaweza kulala usiku mmoja au miwili kwenye ardhi ya wengine mbali na nyumba, wakati Uholanzi kupiga hema nje ya kambi kumekatazwa. Warmshowers ni mtandao wa waendesha baiskeli wanaokaribishana majumbani. Waandikie siku kadhaa mapema. Kwingine, omba ruhusa. Bisha hodi saa moja na nusu kabla ya jua kuzama, ukiwa bado una mwanga wa kuondoka ukikataliwa. Usilale kwenye mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga ni laini na mbingu ni safi: mvua inaweza kuwa imenyesha mbali juu.

Hatua ya 7: Ukiwa peke yako barabarani

Kila asubuhi mtumie mtu mmoja jina la mahali unapotarajia kulala, na mkubaliane saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Picha za mtandaoni ziweke siku moja baadaye, hasa kwa wanawake. Pakua ramani zinazofanya kazi bila intaneti. Kwenye joto, maji nusu lita hadi lita moja kwa saa ni makadirio mazuri, kwa hiyo hesabu umbali hadi kisima au duka linalofuata.

Mbwa wakikukimbiza, shuka. Weka baiskeli kati yako na wao na utembee taratibu. Wengi hupoteza hamu gurudumu likiacha kukimbia. Ukiumwa, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Hapo safari husimama, bila mjadala.

Hatua ya 8: Siku za mwisho

Siku tatu hivi kabla ya ndege, pigia simu maduka ya baiskeli ya mji utakaoondokea uwekewe boksi, maana mengi huyatupa kila wiki. Osha matairi na fremu kwa brashi hadi udongo wote utoke. Nchi kama Australia na New Zealand hukagua baiskeli kwa tope na mbegu, na yenye uchafu huzuiwa isafishwe.