Chagua jogoo wa mbegu kabla hujachinja mapora

Vifaranga wakivuka miezi mitatu, mapora, yaani majogoo wachanga, hujulikana: kilemba kinakuwa chekundu, mkia unaanza kupinda, wanafukuzana uani kutwa. Hapo ndipo wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji wanapokosea. Mgeni akifika, anakamatwa pora mnene kuliko wote. Mgeni mwingine, anafuata wa pili kwa unene. Anayesalia ni yule aliyedumaa, na ndiye atakayekuwa baba wa vifaranga wote wajao. Inaniuma kila ninapoliona hilo, maana mbegu nzuri imeishia chunguni.

Kwa hiyo anza na mbegu. Aliyekua haraka, mwenye miguu imara na asiyeugua ugua, mfunge kitambaa mguuni ili hata watoto wajue huyu haguswi. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Asipande binti zake mwenyewe; kila mwaka badilishana jogoo na mfugaji wa kijiji kingine, ila uliza kwanza kama kuku wake wamechanjwa mdondo, yaani kideri.

Waliobaki ndio kitoweo. Pora wa kienyeji si broila wa wiki sita. Mpe miezi mitano au sita. Mpime kila wiki asubuhi kabla hajala. Mzani usiposogea wiki mbili mfululizo, naye ni mzima na pumba anakula, unamlisha bure.

Huna mzani? Tumia kidole. Mshike kifuani, bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari. Ikipinda kama sikio lako, bado ni gegedu na nyama ni laini, hata ya kuchoma. Ikiwa ngumu, huyo ni wa supu ya moto mdogo, saa mbili au zaidi. Tazama na kipi, ule mwiba wa mguuni: cha pora ni kinundu tu, cha jogoo mzee kimechongoka.

Mitetea ikinyonyoka mgongoni, majogoo wamezidi. Punguza bila kungoja uzito.

Aliyepewa dawa asichinjwe kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Anayezubaa na kuharisha kijani asiliwe kabisa. Mtenge, mwite mtaalamu wa mifugo.

Usiku wa kuamkia kuchinja mnyime chakula, maji mwachie. Maji ya kunyonyolea yasitokote, yataivisha ngozi ichanike. Mwenye jokofu ailaze nyama hadi kesho yake, ukakamavu wa baada ya kuchinja uishe.