Jinsi ya Kuandaa Jalada la Mchezaji kwa Mechi za Kufuzu Kombe la Dunia la Vijana wa Chini ya Miaka 17

Kila mashindano ya kufuzu yanapokaribia, wazazi na makocha wa klabu huniuliza fomu ya kumwombea kijana nafasi inapatikana wapi. Fomu ya namna hiyo haipo. FIFA na mashirikisho ya mabara hayapokei maombi kutoka kwa mchezaji, mzazi wala klabu. Yanapokea kutoka kwa shirikisho la soka la nchi peke yake, na ndilo linalothibitisha ushiriki wa timu, linalotuma orodha ya wachezaji na linalobeba adhabu jambo likiharibika. Kazi ya mzazi na klabu ni kuandaa jalada la mchezaji, yaani nyaraka zote zinazoonyesha kuwa anastahili kucheza, na kulikabidhi mapema. Nimeshughulika na majalada haya kwa muda wa kutosha kuona kwamba vijana wengi wanaoachwa nyumbani baada ya kocha kuwachagua huachwa kwa sababu ya karatasi.

Upande wa nchi ni mfupi kueleza. Shirikisho la bara hutangaza mashindano pamoja na kanuni zake, na kila shirikisho la nchi hujaza fomu ya kuthibitisha ushiriki kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa, kisha droo hupangwa. Nchi inayojitoa baada ya droo hutozwa faini na inaweza kufungiwa mashindano yanayofuata. Tangu mwaka 2025 fainali za wavulana, zenye timu 48, na za wasichana, zenye timu 24, huchezwa kila mwaka badala ya kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo mechi za kufuzu nazo hufuatana kwa karibu na muda wa kukusanya nyaraka umepungua sana.

Umri na cheti cha kuzaliwa

Anza na tarehe ya kuzaliwa kabla ya jambo lingine lolote. Umri hauhesabiwi kwa siku ya mechi. Huhesabiwa kwa tarehe 1 Januari ya mwaka unaotajwa katika kanuni. Kwa fainali za mwaka 2026, mchezaji anapaswa awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2009 au baada ya hapo. Kwa kuwa mechi za kufuzu mara nyingi huanza mwaka mmoja kabla ya fainali, kijana aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 2008 anaweza kuwa bado ana miaka 16 siku ya mechi ya kwanza na hata hivyo akawa amezidi umri kwa siku moja. Soma kifungu hicho cha kanuni wewe mwenyewe, usitegemee kuambiwa uwanjani.

Ukishajiridhisha na umri, chukua cheti cha kuzaliwa cha asili na ukilinganishe na kila karatasi nyingine yenye jina la mtoto: rekodi za shule, kadi ya kliniki, usajili wa klabu, pasipoti ya zamani kama ipo. Tafuta tofauti ya tarehe, ya mpangilio wa majina na ya herufi. Niliwahi kushika jalada la golikipa ambaye jina la baba yake liliishia na herufi “u” kwenye cheti na halikuwa na herufi hiyo kwenye pasipoti. Ofisi iliyotoa pasipoti ilichukua wiki tano kuirekebisha, orodha ikafungwa, na kijana akasikiliza raundi ya kwanza redioni. Kosa lilikuwa limekaa kwenye karatasi zake kwa miaka mingi bila mtu kulitazama.

Cheti kilichotolewa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa kinakubalika kisheria, lakini huzua maswali, na swali hujibiwa kwa ushahidi. Ambatisha rekodi ya hospitali au kliniki alikozaliwa na rekodi ya kuandikishwa darasa la kwanza, ikiwa zipo. Zisipokuwepo, usizitengeneze. Mwaka 1988 Mexico ilichezesha wachezaji waliozidi umri katika mashindano ya kufuzu fainali za vijana wa chini ya miaka 20, na FIFA iliifungia nchi nzima miaka miwili. Timu ya wakubwa, ambayo haikuhusika kwa lolote, ikakosa Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia.

Pasipoti na uraia

Siku ya ukaguzi, kitambulisho kinachotambuliwa ni pasipoti halali ya nchi ambayo mchezaji anaichezea, inayoonyesha majina yake kamili pamoja na siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho cha shule, barua ya serikali ya mtaa au nakala iliyogongwa muhuri wa mwanasheria havichukui nafasi yake. Omba pasipoti mara tu kijana anapoitwa kwenye mazoezi ya awali, bila kungoja kikosi cha mwisho, na hakikisha muda wake wa kuisha uko mbali, kwa sababu nchi nyingi hazimruhusu mgeni kuingia kama pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita.

Kwa kijana mwenye uraia mmoja aliozaliwa nao suala la uraia linaishia hapo. Kwa yule aliyepata uraia mpya, FIFA inataka kiungo cha kweli na nchi hiyo: awe amezaliwa humo, au mmoja wa wazazi wake wa damu, au babu au bibi yake wa damu, awe amezaliwa humo, au yeye mwenyewe awe ameishi humo kwa muda uliowekwa. Aliyeanza kuishi katika nchi hiyo kabla ya kutimiza miaka 10 anatakiwa awe amekaa angalau miaka mitatu. Aliyeanza akiwa kati ya miaka 10 na 18 anatakiwa awe amekaa angalau miaka mitano, na shirikisho lionyeshe kwamba hakuhamia huko kwa ajili ya kuchezea timu za taifa. Kwa hiyo jalada lake linahitaji vyeti vya kuzaliwa vya wazazi au babu na bibi, au rekodi za shule za kila mwaka zinazoonyesha makazi.

Familia yenye uraia wa nchi mbili nawaomba mkae pamoja na kuzungumza kabla ya kusaini chochote. Mechi ya kufuzu ni mechi ya mashindano rasmi. Kijana akiingia uwanjani hata kwa dakika moja amefungamana na nchi hiyo, na kuhamia nyingine baadaye kunahitaji maombi kwa FIFA yenye masharti. Mechi ya kirafiki haina uzito huo. Nimeona wazazi wakigundua tofauti hii mwaka mmoja baada ya mtoto kucheza, na hapo hakuna la kufanya isipokuwa kuandika barua na kusubiri.

Ridhaa na klabu

Mchezaji wa umri huu ni mtoto kisheria, kwa hiyo jalada lazima liwe na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi halali kwa mambo yote yanayomhusu: kusafiri nje ya nchi, kutibiwa akiumia, kupimwa afya, kupimwa dawa zisizoruhusiwa, na taarifa zake pamoja na picha kuhifadhiwa kwenye mfumo wa usajili. Ikiwa wazazi wametengana, pata saini zote mbili au hati ya mahakama inayoonyesha mwenye malezi, maana maofisa wa uhamiaji huulizia jambo hilo mpakani. Mzazi naye ana haki ya kuuliza nani anawalinda watoto kambini, nani analala jengo moja nao na malalamiko yanapelekwa kwa nani. Shirikisho makini litampa jina na namba ya simu ya mtu huyo bila kusita.

Kwa upande wa klabu, hakikisha usajili wa kijana una tarehe ile ile ya kuzaliwa na namba yake ya utambulisho ya FIFA, kisha omba barua ya kumruhusu. Klabu nyingi hutoa kwa furaha, lakini mashindano ya vijana kwa kawaida hayamo katika orodha ya yale ambayo klabu inalazimika kumwachia mchezaji. Barua iombwe kwa heshima na mapema.

Vipimo

Daktari wa timu hupima afya kwa jumla na moyo, na hujaza fomu inayoingia kwenye jalada. Mwambie dawa zote anazotumia kijana, hata zile ambazo nyumbani mnaziona za kawaida. Mtoto mwenye kisukari anayetumia insulini anahitaji ruhusa maalumu ya matumizi ya dawa kwa sababu za tiba, kwa kuwa insulini imo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Ruhusa hiyo hupatikana daktari akiiombea mapema. Kama safari inapitia nchi zinazodai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kumbuka kwamba cheti huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya kuchanjwa.

Kwa wavulana, kipimo kinachowatia hofu wengi ni MRI ya kifundo cha mkono, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ambayo FIFA ilianza kuitumia katika fainali za mwaka 2009 nchini Nigeria. Kijana huvua saa, pete na kila chuma, huingiza mkono wa kushoto ndani ya mashine na kukaa kimya bila kuutikisa kwa dakika chache, huku mashine ikigonga kwa kelele. Hakuna sindano wala mionzi. Daktari hutazama ncha ya mfupa wa kigasha karibu na kiganja, mahali ambapo kwa mtoto anayekua kuna ukanda wa gegedu. Ukanda huo ukiwa umefunga kabisa, kijana huhesabiwa kuwa amevuka umri, kwa sababu ni nadra mno kwa mvulana kufikia hali hiyo kabla ya miaka 17. Kipimo hakitaji mwaka wa kuzaliwa, na kilithibitishwa kwa wavulana tu, kwani mifupa ya wasichana hufunga mapema zaidi. Kabla ya mashindano ya kufuzu ya ukanda wa Afrika ya Kati yaliyochezwa Limbe Januari 2023, wachezaji 21 kati ya 30 waliokuwa kambini Kameruni hawakuvuka kipimo hiki, ikabidi kikosi kijengwe upya siku chache kabla ya mechi. Shirikisho lipime kabla kambi haijaanza, na matokeo aambiwe mzazi faraghani. Kijana asitangaziwe mbele ya wenzake.

Orodha, ukaguzi na pingamizi

Jalada likikamilika, shirikisho huingiza taarifa kwenye mfumo wa mtandaoni wa mashindano: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, picha, nakala ya ukurasa wa pasipoti, klabu na namba ya jezi. Hutangulia orodha ya awali yenye wachezaji wengi, kisha orodha ya mwisho, ambayo kwa kawaida huchaguliwa kutoka ile ya kwanza. Katika fainali za wavulana za Indonesia mwaka 2023 kila timu ilikuwa na wachezaji 21. Asiyekuwemo kwenye orodha ya awali huwa hana nafasi hata akifunga mabao kumi mazoezini. Baada ya kuingiza, chapisha orodha na muisome watu wawili, mmoja ameshika pasipoti na mwingine karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Pasipoti halisi hukaguliwa katika kikao cha maandalizi kabla ya mechi. Ofisa hufungua ukurasa wa picha, hutazama uso, huweka kidole kwenye tarehe na kuilinganisha na orodha, kisha huenda kwa anayefuata. Kazi ya miezi humalizika ndani ya nusu dakika kwa kila mtoto.

Ukiwa na shaka kuhusu mchezaji wa timu pinzani, pingamizi huwasilishwa kwa maandishi na shirikisho, ndani ya muda mfupi uliotajwa katika kanuni na pamoja na ada yake. Tanzania ilifanya hivyo ilipotolewa na Kongo Brazzaville katika kufuzu fainali za Afrika za vijana za mwaka 2017. Mchezaji aliyelalamikiwa aliitwa kupimwa MRI, hakufika, na Tanzania ikapewa nafasi ya kwenda Gabon. Kwa timu inayobainika kuchezesha asiyestahili, mechi huhesabiwa imepoteza kwa mabao 3-0, na kuenguliwa kunaweza kufuata.

Mechi zikiisha usitupe jalada. Mwaka 1989 FIFA iliifungia Nigeria mashindano ya vijana kwa miaka miwili kwa sababu tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji wake wa Olimpiki ya Seoul zilitofautiana na zile zilizotumika katika mashindano ya awali. Tarehe iliyoandikwa leo kwa timu ya chini ya miaka 17 ndiyo itakayosomwa tena kijana akiitwa timu ya chini ya miaka 20 na ya wakubwa. Nakala moja ibaki shirikisho, moja klabu, na moja apewe mzazi ikiwa na saini ya aliyeipokea na siku aliyoipokea.